Skrubu za Muamba

Mume wangu Muamba hamwamini mtu. Akinunua mayai sokoni, anayainua moja moja juani kabla ya kulipia, na mwuzaji anamtazama kwa jicho baya. Nikimwambia chakula kimeiva, anafunua sufuria kwanza. Mimi Tshiela nimeishi naye miaka minane na nimezoea. Kwa fundi wa mbao, nilijiambia, shaka ni sehemu ya kazi.

Kazi hiyo alifundishwa misioni na mtawa mmoja mkali, aliyemwachia desturi moja ya ajabu. Kila skrubu anayoikaza, kile kifereji cha kichwani lazima kisimame wima, sawa na cha jirani yake. Kwetu kitanda, meza, hata kigoda cha jikoni, vyote viko hivyo. Tukialikwa kwa watu, ataacha kula ainuke kunyoosha skrubu ya kabati lao. Aibu naona mimi.

Mwaka wa hamsini na saba, mvua zikikaribia, Louis alimaliza kazi mgodini. Huyu Louis ni shemeji, mume wa Mianda, dada yake Muamba. Nyumba za Kapata, mtaa wa wachimbaji, ni za kampuni. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Walipewa mpaka mwisho wa mwezi. Louis alikuwa amepata shamba Kasaji, lakini huko hapakuwa hata na kibanda, na watoto ni watano. Ndipo akasikia kwamba Tata Polycarpe, karani wa stesheni, anauza rulote, yaani nyumba ya mbao yenye magurudumu, ina vitanda na jiko ndani, unaifunga nyuma ya lori unakwenda nayo. Alikuwa ameinunua kwa mzungu mmoja mpima ardhi aliyerudi kwao. Louis ni mtu asiyemshuku hata nyoka. Alitaka kutoa akiba yake yote siku hiyohiyo. Mianda akaja kwetu mbio, akamwomba kaka yake aende kwanza aikague.

Tulikwenda wote wanne Jumamosi asubuhi. Rulote ilikuwa nyeupe pee, rangi bado inanuka. Muamba akaninong'oneza kwamba huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Polycarpe alitupokea na tai shingoni na tabasamu nyingi mno, akaeleza kwamba amehamishwa. Muamba akamwuliza, kama nyumba ina magurudumu na ni nzuri hivyo, mbona haondoki nayo? Alijibu kwamba kule anakokwenda amepewa nyumba ya matofali. Jibu lilikuwa sawa, lakini mimi pia sikumpenda.

Muamba akaanza. Aliomba ndoo ya maji akaimwaga juu ya paa, kisha akaingia ndani kupapasa dari. Alijifungia humo mchana kweupe, madirisha yamezibwa, aone kama mwanga unapenya popote. Alinusa makabati. Aliweka bakuli la maji sakafuni aone kama sakafu imelala sawa. Kila alipokosa kasoro alizidi kununa, na kila aliponuna Polycarpe alizidi kujipangusa jasho. Mianda alinishika mkono. Louis alikuwa ameshachagua kitanda cha watoto.

Mwishoni Muamba akafunua zulia la mpira karibu na mlango, akapiga magoti, akainamisha uso karibu na sakafu. Nilidhani ameona mchwa. Nikainama nyuma yake. Palikuwa na ubao uliopachikwa, umefungwa kwa skrubu sita, na vifereji vyote sita vimesimama wima.

Skrubu za namna ile ninalala juu yake kila usiku, kitandani kwetu.

Alizifungua polepole, akautoa ule ubao. Chini yake ndiko ilikopita boriti inayoshika ndoano ya kuvutia. Alisukuma bisibisi, ikazama mpaka mpini. Boriti ilikuwa imeoza, imejazwa gundi na unga wa mbao na kupakwa rangi. Njia ya Kasaji ingeing'oa ndoano hiyo kabla ya nusu ya safari, na watoto wamo ndani.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Louis amekasirika. Alimwita Polycarpe mwizi, mwuaji wa watoto wa watu, mbele ya majirani. Mimi nilijua skrubu zile ni za nani, na mume wangu alijua kwamba najua. Nitasema ukweli: nilitaka anyamaze. Rulote haitanunuliwa, watoto wamepona, turudi nyumbani na jina letu zima.

Muamba akasimama, magoti yana vumbi.

"Tata Louis, usimusingizie bure. Hapana ye njo alifunikaka. Ni mi. Muzungu aliniambiaka nifunike, apate kuuzisha mbio, na mi nikafunika. Wakati ule ilikuwa rangi ya majani, njo maana sikuitambua."

Polycarpe alilegeza tai yake, na hasira niliyoitarajia haikuja.

"Muzungu aliniambiaka ni fundi wa misioni njo alitengenezaka," akasema. "Mi nikasikia misioni, sikuinama hata kuangalia."

Muamba akaketi kwenye ngazi ya rulote. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikumwambia.

Wiki mbili zilizofuata alifanya kazi pale uani kwa Polycarpe bila kudai ujira. Boriti mpya aliitoa katika mbao ngumu za mukula alizoniwekea za kabati la vyombo. Sufuria zangu ziko chini hadi leo. Polycarpe alipunguza bei, Louis akakubali kununua.

Siku ya kuondoka, lori likinguruma, watoto wamekwisha kupanda, Louis aliwashusha wote. Louis huyu huyu asiyemshuku nyoka. Akamwomba Muamba bisibisi, akalala chali chini ya rulote, akaanza kugonga ubao mmoja baada ya mwingine, taratibu. Muamba alisimama kando, mikono nyuma, akasubiri mpaka alipomaliza.