Mlango wa Bibi

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima ni dogo hata naona haya kulitaja: niukate ubao wa kichwani wa kitanda cha Bibi, au niuache? Ulikuwa umeegemea ukuta wa stoo yetu hapa Usagara, na kila nilipoukaribia nilikumbuka harufu ya gari la Baba. Gari hilo likiachwa juani hadi adhuhuri, vioo vimefungwa, lilikuwa likinukia udi. Waliopanda walidhani tumelifukiza. Kumbe ni mbao za ndani zilizokuwa zikirudisha udi ambao Bibi aliufukiza chini ya kitanda chake kila usiku wa kuamkia Ijumaa, tangu alipoolewa.

Nilikuwa darasa la nne, shule zimefungwa. Jua na chumvi ya bahari vilikuwa vimezipasua plastiki za ndani ya gari, zikawa zinatukwaruza mikono. Wakati huohuo mchwa walikuwa wamekula miguu ya samadari, kile kitanda cha kale cha Bibi, mama yake Baba. Baba, ambaye ni seremala, akamtengenezea kitanda kipya kifupi, asihangaike kupanda. "Nimeshushwa cheo," Bibi akasema. Ile mifumbati ya mvule, mbao ndefu za ubavuni, Baba akaipasua vipande vyembamba vya kuvisha gari. Siku nzima randa ililia uani, na maranda yakaingia hadi kwenye sufuria ya mchuzi. Kazi yangu ilikuwa kushika maboksi ya sabuni aliyoyakata kuwa vipimo vya dashibodi na milango. Pembeni mwa kila kipande aliacha nafasi ya unene wa kadi. Alisema masika ubao hunywa maji, na ukiubana utapasuka. Nikamuuliza, je, masika ikichelewa? Je, ubao ukinywa kuliko nafasi? "Mwanangu," akasema, "hata msumeno hupumzika. Na wewe pumzika."

Alimaliza dashibodi na milango mitatu, mifumbati ikaisha. Ukabaki mlango wa nyuma kushoto na ule ubao wa kichwani. Baba alipoufuata, Bibi aliuegemea kwa mgongo wake wote. "Huu niachieni. Nikishaondoka fanyeni mtakavyo." Tangu hapo, kila tulipokwenda kwa ndugu zetu Kigombe, alikaa upande wa mlango ule mtupu, akiipapasa plastiki iliyopasuka. "Wangu huu," alisema. "Mchakavu kama mwenyewe."

Bibi alifariki mwaka jana. Mkono wa kulia wa Baba umelegea kwa kiharusi. Mimi nimemaliza chuo, niko nyumbani nasubiri majibu ya maombi ya kazi, na kichwa kisicho na kazi hujitafutia. Wiki nzima Baba alikuwa akiniambia nimalizie mlango. Shangazi, dada yake, akisema ubao ule ndio pekee uliobaki wa mama yao. Nami nililigeuza lile neno la Bibi kila upande: "fanyeni mtakavyo" ilikuwa ruhusa, au lawama ya mtu aliyechoka kuombwa? Niliwahi hata kwenda kutafuta ubao mwingine. Zote nilizoziona zilinuka vanishi.

Jana asubuhi nilimwita Shangazi. Nilimwamkia, nikamwomba akae garini, pale alipokuwa akikaa Bibi. Akakaa, akaweka mkono kwenye plastiki.

"Angekuwepo angesema nini?" nikamuuliza.

"Angesema ana joto, mfungue kioo." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kata, mama. Kata kabla sijabadili mawazo."

Zamani Baba alikata, mimi nikashika boksi na kuuliza maswali. Jana yeye ndiye aliyelishika boksi, kwa mkono wa kushoto, wala hakuuliza lolote. Nilikata. Karibu na mwisho msumeno ulinikimbia.

"Umepinda," Baba akasema.

"Sasa nifanyeje? Nirudie?"

"Ubao ni huo huo, mwanangu. Funga."

Nikapiga msasa, nikaacha nafasi ya kadi pembeni, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine. Upande wa juu kumebaki mwanya ambao kila atakayepanda atauona. Kisha nikapandisha vioo vyote vinne, nikafunga milango, nikaliacha gari juani.