Chumvi ya Ng'ombe

Baba alichunga ng'ombe wa maziwa katika shamba la mzungu, upande wa Molo. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu alipoanza kuumwa kichwa kila asubuhi na kutokwa damu puani. Nikampeleka Nakuru. Daktari alimfunga mkono kwa mpira, akaujaza hewa, akasikiliza, akarudia.

"Damu inasukuma kwa nguvu mno. Apumzike. Asile chumvi."

"Na dawa?"

"Vidonge vya kumtuliza. Haviponyi."

Nikamwuliza anajuaje kwamba kosa ni la chumvi.

"Sina hakika, kijana. Ndicho kitu pekee ninachoweza kumwondolea."

Mama akapika mboga bila chumvi. Baba akaonja. "Mmeanza matanga yangu nikiwa hai?" Lakini alikula. Vidonge vilimfanya asinzie akikamua, msimamizi akamtukana, akaviacha. Kuhusu mapumziko, mwenye shamba alisema asiyefanya kazi hana nyumba pale. Ilibaki chumvi tu.

Kichwa hakikupoa. Asubuhi moja nikamfuata hadi kwenye hori. Alichota chumvi ya ng'ombe, akalamba kiganja kizima, ndipo akawaita.

"Baba! Daktari alisemaje?"

"Alisema nisile. Hapa naonja. Mchungaji hampi ng'ombe kitu ambacho hajakionja. Babu yako alionja, na baba yake."

"Kiganja kizima ni kuonja?"

"Ng'ombe arobaini, nionje kwa ncha ya kidole? Kusoma kwako kumekunyima hesabu."

Sijui hadi leo kama ilikuwa desturi au uchu. Nikamwambia, basi, nitaonja mimi. Akanipima kwa macho, akasogea kando. Siku kumi na mbili nililamba ile chumvi chungu yenye vumbi, naye akisimama nyuma yangu akimeza mate. Siku mbili za mwisho alisema kichwa kimepungua. Sikujua kama nimwamini.

Chuo kikafunguliwa. "Nani ataonja?" nikauliza nikifunga sanduku.

"Nenda kasome," akajibu.

Barua ya mama ilinikuta kabla muhula haujafika katikati. Baba alikuwa ameanguka kando ya hori. Nilipofika, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umepinda; alitoa sauti tu, si maneno. Ng'ombe walikuwa na mchungaji mwingine.

Mama alikuwa akimlisha uji. Alinitazama, akachukua chumvi, akatia. Sikumkataza. Baba akameza, na uso wake haukuonyesha kama ameonja chochote.