Kangaga la Wifi

Kaka yangu ni kiguu na njia. Alikagua tiketi kwenye treni miaka thelathini na moja, behewa hadi behewa, na alipostaafu akaendelea na safari ndani ya vyumba viwili. Majirani wanamwita Magurudumu. Mimi naishi ghorofa ya chini yake, kwa hiyo hatua zake nazijua zote: jikoni, dirishani, kitandani, jikoni tena. Siku moja nilipanda kumwambia akae kitako. "Si nimekaa?" akanijibu, huku ameshaufikia mlango wa jikoni.

Tangu wifi, mkewe, apigwe na kiharusi, hatua hizo zimezidi. Upande wake wa kulia umelala na maneno yamekwama. Daktari alisema yatarudi taratibu, lakini kaka hana taratibu. Wifi akifumbua kinywa tu, yeye ameshaleta maji, mto, beseni na blanketi, na lile neno, lolote lililokuwa, limerudi lilikotoka. Binti yao alipoyaona hayo akaamua.

"Baba, nakupenda, lakini wewe si mtu wa kukaa na mgonjwa," alisema. "Jumamosi nakuja na gari. Mama atahamia kwangu."

Kwake ni safari ya siku nzima. Kaka alikwenda kufuta meza iliyokuwa safi.

Wiki hiyo aliyeteseka zaidi ni kangaga. Ni mmea wa wifi, wa kivulini, usiotoa maua, majani yake marefu yamechanika pande zote mithili ya unyoya. Wifi alilipata likiwa na majani matatu, akalilea miaka minne juu ya kabati, mbali na jua, chungu kikiwa kimekaa juu ya sahani ya kokoto na maji ili hewa iwe na unyevu. Udongo wake unatakiwa ulowe bila kutota, na zaidi ya yote halipendi kuhamishwa. Kaka alilihamisha. Jumatatu lilikuwa bafuni, Jumanne dirishani, Jumatano jikoni karibu na birika. Alijiaminisha kwamba likinawiri, binti atajua nyumba hii ina mtu anayeweza kutunza. Ncha zikaanza kukauka, naye akazidi kulitembeza.

"Kaka, huo mmea si abiria," nilimwambia. "Uache ulipo."

Nilikuwa kama naongea na ukuta. Alhamisi asubuhi akageuza jani moja, akaona madoa. Yalikuwa ya kahawia, chini ya karibu kila jani, yamejipanga safu mbili kama vifungo vya koti lake la kazini. Akaniita ngazini.

"Njoo uone. Limeingiwa na ugonjwa."

Nami, nisiyejua hata kumwagilia mchicha, nikatia saini kwamba hao ni wadudu. Sehemu hiyo ya lawama ni yangu. Akalibeba hadi chumbani alikolala wifi, kwenye mwanga, akachukua mkasi, akaanza kukata.

Nilikuwa nimesharudi kwangu niliposikia wifi anagonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Zikafuata hatua: maji. Akagonga tena. Hatua: mto. Akagonga kwa nguvu zaidi, na kaka akapita juu ya kichwa changu karibu anakimbia. Halafu kukawa kimya.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kuusikia ukimya wa kaka. Dakika ikapita, ikaja ya pili, ikaja ya tano. Nilijua mmoja wao ametutoka, nikapanda ngazi bila viatu.

Kaka alikuwa amekaa. Alikuwa ukingoni mwa kitanda, jasho linamchuruzika, fungu la majani ya kutupwa mkononi, ameishiwa na vitu vya kuleta. Wifi amemkamata kifundo cha mkono, anahangaika na midomo.

"Wifi, unataka—" nilianza.

Kaka akaniinulia kidole. Tukangoja. Goti lake lilikuwa linatetemeka, lakini hakuinuka.

"Mbe..." wifi alisema. Ukapita muda wa kuchemsha chai. "Mbegu."

Kaka akayatazama yale madoa, akamtazama mkewe, akabubujikwa na machozi bila aibu yoyote. Mimi nikakimbilia kusema pole, na ningeendelea, ila wifi hakuwa amemaliza. Tukangoja tena.

"Karatasi," akasema.

Tukayatandaza majani juu ya gazeti, madoa chini, kama alivyotuonyesha kwa kiganja. Kesho yake gazeti lilikuwa na vumbi laini la kahawia, ndizo mbegu zenyewe za kangaga. Wifi akalitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kwangu chini, siku nzima, sikusikia hatua zaidi ya ishirini.

Jumamosi binti akafika, nikapanda naye juu, akafunga begi la mama yake upesi upesi. Huyo ni mtoto wa baba.

"Mama, tuko tayari?"

Wifi akafumbua kinywa.

"Maji? Mto? Unataka kwenda chooni?"

"Mwache," kaka alisema kutoka kitini. "Bado hajamaliza."

Tukangoja wote watatu.

"Nikienda," wifi alisema, akipumzika kila baada ya neno, "huyu... atakaa... na nani?"

Binti akamtazama baba yake, ambaye hakuwa amesimama. Akafungua begi, akaanza kutoa nguo.