Ni ya Nani, na Nani Alitengeneza

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kazi kwa swali moja. Nilikuwa nimetoka mashamba ya chai upande wa Kericho, mashine za kuchuna zilipoletwa na sisi wenye vikapu tukaambiwa twende nyumbani. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Daktari Nyaboke alikuwa anatafuta mwanamke anayejua Kikipsigis na haogopi kutembea, akanichukua.

Kazi yake ilikuwa historia ya sanaa. Alitafuta vitu vizuri vilivyotengenezwa na wanawake, akavipiga picha na kuandika vimetoka mikononi mwa nani. Yeye mwenyewe alizaliwa kwa laini za chai, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, wazazi wake wachuna chai kutoka Kisii. Huko chuo kikuu walimwambia vikapu vya mamake ni kazi ya mikono tu, si sanaa. Hilo neno halikumtoka maisha yake yote.

Basi tukaingia boma moja Siongiroi, kwa Mzee Arap Tonui. Ndani kulikuwa na sotet, kibuyu cha maziwa. Kilikuwa kimepasuka toka shingoni mpaka tumboni, na ule ufa ulikuwa umeshonwa kwa mshipa wa ng'ombe, kila mshono na ushanga wake, mwekundu na mweupe. Ukikiangalia, unaona heri kilipasuka.

Daktari akaniambia, "Muulize nani alitengeneza."

Mimi nikamuuliza mzee, "Hii ni ya nani?" Kwetu kitu huulizwa hivyo.

"Yangu," akajibu bila kugeuka.

Daktari alikuwa ameshika maneno mawili matatu ya Kikipsigis. Akanivuta kando. "Chelang'at, 'ya nani' ni swali la kesi ya shamba. Sisi tunauliza nani alitengeneza. Rudi."

Nikarudi, nikauliza vizuri. Mzee akaanza kutafuta fimbo yake. Sauti ikatoka jikoni, ya mkewe, Kogo Taprandich. Kogo kwetu ni nyanya. "Mwambie huyo daktari ni mimi nilishona. Halafu muulize huyo mzee nani alipasua."

Mzee akachukua fimbo yake akatoka kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa wamelia.

Mzee ndiye alimrushia Kogo hicho kibuyu, siku moja wakigombana. Kogo aliinama, kikagonga mlango. Mimi siku yangu sikuinama. Mume wangu Wesley alinirushia stuli, na alama iko kwa paji la uso mpaka leo. Ndiyo maana hicho kibuyu nilikielewa kabla Daktari hajanielezea chochote.

Nyinyi vijana mnapiga picha na simu mkitembea. Sisi tulipiga asubuhi, kwa kivuli cha mlango, kwa sababu jua kali linaua rangi ya ushanga. Unaweka kijiti cha kipimo kando, unageuza kibuyu pande zote mpaka tako, kisha unaingiza pua. Kama harufu ya sosiot iko, yaani kile kijiti kilichochomwa cha kusugulia ndani, ujue kibuyu kinafanya kazi. Kama hakuna, ni cha kuonyesha wageni. Na mshono uangalie polepole. Kila mama ana mkono wake, kama mwandiko.

Huko Merigi Chifu alitusimamisha mbele ya watu. "Daktari, hizi ni vyombo za maziwa. Sanaa ni kama hii kiti yangu ya jadi."

"Nani alichonga, Chifu?"

"Baba yangu."

"Na kibuyu cha kwenu nani alishona?"

"Mama."

"Kwa hivyo baba ni msanii, mama ni mwosha vyombo?"

Wamama walicheka mpaka Chifu naye akacheka, na jioni akatuletea kibuyu cha mamake mwenyewe.

Ambaye hakucheka ni Josphat Rotich, Mkurugenzi wa nyumba ya utamaduni Kericho. Namtaja kwa sababu aliyoyafanya aliyafanya mchana, watu wakiona. Aliomba kibuyu cha Kogo akiweke kwa kioo. Kogo akakubali kwa sharti moja, jina lake liandikwe. Siku ya ufunguzi, karatasi ya chini ilisema: *Kibuyu cha Mzee Arap Tonui, mfugaji mashuhuri.*

Daktari alimwendea pale pale. "Umeandika jina la aliyekivunja."

"Daktari, siasa ya wanawake wacha nje. Kibuyu kilitoka kwa boma ya nani?"

Mimi nikasema, "Sio ya nani! Uliza nani alishona, hata kwa bicha zetu iko."

Akageukia wageni. "Anasema 'bicha' na anataka kunifundisha picha!" Wageni wakacheka. Daktari akafungiwa mlango siku hiyo, na barua za kumwombea ruhusa ya utafiti zikaacha kusainiwa. Alirudi kwake Londiani akaendelea kuandika katikati ya viazi. Mimi aliniambia, "Wewe omba kazi huko ndani. Mtu akae na hicho kibuyu."

Nikaomba kufagia, nikapewa. Miaka yote hiyo, wanafunzi wakija, nilisimamisha ufagio hapo. "Mmesoma karatasi? Haya, sasa sikieni ukweli." Rotich alitishia kunifuta na hakunifuta, kwa sababu wageni walikuwa wakiniulizia.

Alistaafu na hotuba ndefu. Akaja Mkurugenzi Wanjiru, akanisikiliza nikiongea na watoto wa shule, akasema, "Mama, mlete huyo aliyeshona."

Nikamleta Kogo, amezeeka, anashika ukuta. Daktari naye alishuka kutoka Londiani. Wanjiru akasema jina la mzee litolewe kabisa.

"Litolewe kwa nini?" Kogo akauliza. "Yeye pia alifanya kazi. Liacheni, muandike ni kazi gani."

Daktari akaketi hapo chini, akaandika kwa mkono wake: *Sotet. Kilishonwa na Taprandich wa Siongiroi. Kilipasuliwa na mumewe, Arap Tonui. Hakivuji.*

Nikamsomea Kogo, akataka nisome mara ya pili. Kisha akaomba chai.

Mwaka huu nimeacha kazi. Sijazeeka, ni magoti yamestaafu kabla yangu. Mkipita Kericho ingieni mkisome. Na mkinikuta mimi njiani, mkaona hili paji la uso, msione haya kuuliza. Karatasi yake nimeiandika mwenyewe: la Chelang'at. Lilipasuliwa na Wesley, kwa stuli. Halivuji.