Shairi Nililomwachia Mwalimu

Wageni wakiniuliza uandishi wangu ulianzaje, huwajibu kwamba ulianza kwa subira. Uongo mtupu. Riwaya, diwani na insha zangu zote zimezaliwa na kisasi, na sijutii hata chembe.

Usichanani kila nilipotunga shairi nilimpelekea malenga mmoja wa Chumbageni, mtu wa ukoo mkubwa, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu. "Liache nilinyooshe," alikuwa akisema. Harusi ikifika, nalisikia kwenye kipaza sauti, beti zilezile, kwa jina lake. Siku niliyolalamika alicheka.

"Mwanangu, Mdigo na ushairi wapi na wapi? Nani atakusadiki?"

Niliumia, nikanyamaza. Lakini paka naye hunyamaza mbele ya shimo la panya.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na kungwi kwa nyimbo ambazo wanaume hawazisikii. Mwalimu alizijua bahari zote za ushairi, ila mlango huo hakuwahi kuuchungulia. Basi nikatunga shairi kwa mahadhi ya nyimbo zile, na kibwagizo, kilio cha mwari aliyeona damu yake ya kwanza, nikakichukua kama kilivyo: "Mama njoo, nimekua, nifunge kaniki." Bibi yangu angejua, angenilaani. Nikampelekea Mwalimu kama kawaida, akalisifu sana. Alidhani ni bibi harusi anayeaga kwao.

Harusi ilikuwa Nguvumali. Alisimama na kanzu yake ya pasi kali, akaghani kwa madaha. Ubeti wa kwanza tu, upande wa wanawake wakaanza kugusana viwiko. Kilipofika kibwagizo, mmoja akaguna, kisha wote wakaangua kicheko, wakashikana wasianguke. Mkewe akajifunika ushungi uso mzima. Wanaume walitazamana, hawaelewi kitu.

Kungwi mmoja mtu mzima akainuka.

"Hongera mwanangu, umekua! Kwani weye kakufunda nani?"

Jasho likamtoka Mwalimu. Nilimtazama likimtiririka, na moyo wangu ukaburudika, nasema kweli.

"Si langu!" akapiga kelele, kipaza sauti kingali mkononi. "Wallahi si langu! Kalitunga yule, yule Mdigo pale!"

Kidole chake kilinielekea mimi, na ukumbi mzima ukageuka. Nikainuka polepole, nikautengeneza mtandio wangu.

"Naam, Mwalimu," nikasema. "Na yale ya nyuma je?"