Rido ya Mama Aganze

Mke wangu Lydie, ambaye kwa jina la mtoto wetu anaitwa Mama Aganze, ndiye aliyenifanya nishindwe uchaguzi, na Jumapili hii nagombea tena. Habari hiyo watu wa mtaa wetu wa Kadutu wanaijua, kila mmoja na chumvi aliyoiongeza, kwa hiyo bora niisimulie mimi niliyekuwa nimeketi mbele.

Lydie alizaliwa kijiji cha Miti, akajifunza kushona kwa masista wa Katana, kisha akaja Bukavu kuolewa na mimi, fundi wa friji mwenye maneno mengi. Ya kwake ni machache. Cherehani yake iko barazani kwetu, na kutwa nzima wanawake wanaingia na vitenge vyao. Mshonaji anajua mambo mapema. Kiuno kikianza kuongezeka, yeye anajua kabla ya mume. Bibi harusi akikonda kwa mashaka, yeye anajua kabla ya padri. Lakini umuulize uone.

Siku moja alikuja mama wa bwana harusi, sauti laini, pakiti ya sukari mkononi. Alitaka tu kujua kama gauni la mkwe wake mtarajiwa lilikuwa limepanuliwa kiunoni. Lydie, ambaye vipimo huviita mesure, akamrudishia sukari.

“Mesure ni ya mwenye mwili, maman. Muende mumuulize yeye.”

Mama yule aliondoka amevimba. Mimi nilimlaumu mke wangu, maana nyumbani sukari ilikuwa imekwisha.

Sasa, chama chetu cha akiba na mikopo, ambacho sote tunakiita coopec, ni mali ya wanachama wenyewe: wauza samaki, walimu, mafundi, wajane. Kila mmoja ana kura moja, awe na akiba kubwa au ndogo. Lakini kwa miaka mingi prezida wa baraza la uongozi alipatikana kwa makofi. Jina lilitajwa, mkubwa mmoja akaanza kupiga makofi, na nani angethubutu kubaki na mikono mapajani? Mwisho watu walichoka, wakadai kura ya siri. Kwa kuwa wazee wetu wengi hawasomi, tulikubaliana hivi: wagombea wawili, masanduku mawili yenye picha zao, na kila mwanachama apewe jetoni moja ya karatasi ngumu yenye muhuri, aende nyuma ya rido, yaani pazia, akaitumbukize anakotaka. Kazi ya kushona rido akapewa Lydie.

Wagombea tulikuwa mimi na Valérie, muuza rangi na misumari, mwanamke ambaye hata salamu yake ni kavu. Sikuona atanishinda kwa lipi.

Lydie alikosea, tena kwa nia njema kabisa. Alikuwa na kitambaa kilichobaki kwenye magauni ya komunyo ya kwanza, akasema uchaguzi safi unastahili kitambaa cheupe. Tukakijaribu ukumbini parokiani siku ya mawingu. Rido ilining'inia jukwaani mbele ya dirisha kubwa, nyeupe pe, ikatupendeza sote. Hakuna aliyefikiria jua.

Asubuhi ya uchaguzi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa. Papa Ignace, mwalimu mstaafu aliyeongoza tume, alituketisha mimi na Valérie chini ya jukwaa, tukiwaelekea wanachama, rido ikiwa mgongoni mwetu, ili tusimkodolee macho anayekwenda kupiga kura. Watu wakaanza kupanda mmoja mmoja. Baadaye jua likatoka, likapiga dirishani.

Mimi nilikuwa naona nyuso tu. Niliona macho ya ukumbi mzima yakiinuka, yakifuata kitu, kisha vijana wa mtaani kwetu wakinikonyeza. Mara nyingine macho yalikwenda upande wa pili, ukumbi ukanyamaza, shingo zikageuka kumtazama anayeshuka. Nikajiambia, Hugues, watu hawa wanakupenda kweli. Nikanyoosha tai yangu.

Kumbe nyuma yangu rido ilikuwa inaonyesha kila kitu: kivuli cha mtu, mkono wake, na sanduku unakokwenda. Aliyekuja kwangu alipokewa kwa tabasamu. Aliyekwenda kwa Valérie alishuka akitazamwa kama mtu aliyemkanyaga padri mguu. Na waliokuwa kwenye foleni waliyaona yote hayo, wakaanza kuja kwangu mmoja baada ya mwingine.

Lydie alikuwa kwenye foleni hiyo, zamu yake bado. Akatoka kwenye mstari.

“Papa Ignace, musimamishe kura kwanza. Rido yangu iko nasema.”

“Inasema nini, maman?”

“Tuko tunaona kila mutu kwenye anaweka jetoni. Nilikosea kitambaa.”

Ukumbi ukavuma. Papa Ignace akageuka, akaona kivuli cha mzee mmoja kikisita katikati ya masanduku, mkono juu. Akamsogelea Lydie, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa karibu.

“Bwana yako ndiye iko mbele. Unajua?”

“Ninajua. Ndiyo maana nasimama miye. Akisimama mutu wa Valérie, mutasema analia juu ya kushindwa.”

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikatamani immeze yeye.

“Mama Aganze, ukae chini,” nikamwambia. Hakugeuka hata kidogo.

Papa Ignace alileta masanduku mbele yetu, akayamwaga mezani bila kuhesabu, akazichanganya jetoni zote. Vijana wangu walipiga kelele kwamba wanaibiwa. Akawajibu kwamba kila mtu atapewa jetoni yake upya, na anayempenda Hugues ampende tena. Wakati huo Lydie alikuwa amefungua kitenge chake cha juu, kile kizito cha bluu nilichomnunulia Noeli, amebaki na cha chini. Wanawake wengine wakafungua vya kwao. Valérie naye akainuka, akatoa chake. Lydie akavitandaza nyuma ya rido, akavipiga uzi kwa mkono, haraka haraka. Papa Ignace akapanda kujaribu. Aliruka huko nyuma pamoja na uzee wake, na sisi tulisikia mbao tu.

Kura ikarudiwa. Safari hii macho ya watu hayakuwa na pa kwenda, wakawa wanaangalia simu zao na watoto wao. Kisha jetoni zikahesabiwa hadharani, moja moja, kila moja ikiinuliwa juu. Valérie alinishinda. Si kwa mbali, lakini alinishinda.

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Tulipanda kurudi nyumbani, na njiani nikashindwa kujizuia.

“Wewe angalau ulinipigia miye?”

“Papa Aganze, tangu umenioa, nilishakuambia mesure ya mutu hata moja?”

“Miye si mutu tu. Niko bwana yako.”

“Na ule maman wa sukari, hakukuwa mama ya bwana-arusi?”

Nilinuna siku kadhaa. Alinipikia kama kawaida, na kura yake hakuitaja.

Kinachoniudhi ni kwamba Valérie ameongoza vizuri. Mikutano inaanza kwa wakati, maamuzi yanabandikwa mlangoni, na nilipomuuliza swali gumu mbele ya watu, alinijibu bila kununa. Sasa muda wake umekwisha, anagombea tena, na mimi pia. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimesikiliza watu, najua ninachotaka kufanya, na najiamini. Nikishinda Jumapili, nitajua nimechaguliwa na watu, si na jua.

Jana mchana Lydie alimaliza rido mpya, ya kitambaa kizito cha kahawia chenye bitana. Akaitundika kwenye kamba uani, jua likiwaka, akaniambia nisimame nyuma yake. Nikanyoosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia.

“Unaona niko naweka wapi?”

“Sione kitu.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, Papa Aganze.”

Nilibaki pale nyuma nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nikaona hapa ndipo mahali pazuri pa kuuliza. Kwa sauti ya upole kabisa nikamuuliza tena, siku ile alimpigia nani. Nikasubiri. Nilipotoka alikuwa ameshafika barazani, anampima maman mmoja kiuno, amebana pini midomoni.