Asifagie Mtu

Mimi skuli sikukaa, hadithi hunisomea mjukuu wangu. Juzi kanisomea ya Uzbekistani, sijui hata iko upande gani. Kijana anasafiri, mama yake anamwambia aung'ate mkate mara moja, kisha mama anautundika ukutani mpaka mwana arudi aumalize.

"Na panya je?" nikauliza.

"Babu, wewe nawe!" Akacheka huku anatafuna mkate wake, makombo yote chini.

Lakini mimi nshaondoka kimawazo, nipo Unguja, bado mtoto. Asubuhi aliyosafiri baba, bibi alikusanya mafagio yote ya chelewa akayakalia. Naam, akayakalia! Ukifagia nyuma ya msafiri, alisema, unamfagia na yeye. Sakafuni pakabaki makombo ya mkate wa mofa na unyayo wa baba, mweupe, maana alikanyaga chokaa mlangoni.

"Bibi, mpaka lini?"

"Mpaka afike salama."

"Tutajuaje kama kafika?"

"Hebu kanichotee maji!"

Nikawa nauruka ule unyayo, nikirudi kuuchungulia. Sisimizi wakabeba makombo. Unyayo ukafifia, na bibi bado kakalia mafagio yake.

Leo mjukuu kapanda ndege, anakwenda kusoma nje. Sijakaa vizuri, dada wa kazi, mtu wa Tanga, kaingia na fagio.

"Mwanangu, liweke hilo."

"Babu, wageni wanakuja mchana! Wataona makombo ya mjukuu wako."

"Watayaruka. Nipe hilo fagio."

Akanipa, akanitazama nnavyolikalia.

"Sasa mpaka lini, babu?"

Nikamwambia, "Hebu kaniletee maji."